Siku Niliyocheza Baba wa Mwana Mpotevu

Nayaandika haya nikiwa na akili zangu timamu, tumbo limeshiba na miwani iko puani: kila neno lililomo katika sura hii ni la kweli tupu. Sura zilizotangulia sizitetei sana. Ile ya chui aliyekuja dukani kwangu kupunguzwa ndevu, msomaji ninayemheshimu nilimwachia aamue mwenyewe. Lakini hii ya leo, kama kuna herufi hata moja niliyoitia chumvi, basi mikono hii isishike mkasi tena. Najua utasema nimestaafu, mkasi sishiki tena hata hivyo. Haya, na isishike kijiko.

Wakati huo nilikuwa kinyozi, na duka langu lilitazamana na zahanati. Barabara ya katikati ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mgonjwa akipiga chafya kule, huku mteja wangu anajipangusa shavu. Katika zahanati hiyo kulikuwa na nesi. Jina alikuwa nalo zuri tu, ila mtaa mzima ulimwita Nesi, na mimi nilivyolitamka neno hilo lilitosha kuwa jina, cheo na wimbo.

Kila jioni alivipaka viatu vyake rangi nyeupe akavianika dirishani, na mimi kutoka nyuma ya kiti changu nilivisoma kama gazeti. Vikiwa vimesimama pamoja sawasawa, siku ilikuwa njema. Kimoja kikilala ubavu, kuna mgonjwa aliyemchosha. Jioni moja havikuwepo kabisa, nikamkata mteja sikio. Nilimsindikiza mwenyewe kwenda kushonwa, kwa furaha ambayo yule bwana hajaielewa hadi leo.

Tuliimba kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mimi besi. Baada ya mazoezi tulitembea njia moja hadi kwenye kona ya duka la mkaa, na hapo kila mtu akashika njia yake, maana zaidi ya kona ile Shangazi yake alikuwa anaona. Tulikuwa tumefika pale ambapo mtaa mzima unajua na hakuna kati yenu wawili aliyesema. Mimi, ambaye nilikuwa na la kusema kuhusu mvua, bei, vita na ndoa za watu wengine, kwenye jambo hilo moja nilikuwa bubu. Au tuseme ukweli, sikuwa bubu. Nilikuwa nachekesha, na hiyo ni mbaya zaidi.

Basi kanisa letu likaalikwa kupeleka kikundi kidogo cha wahudumu ng'ambo. Safari ya wiki chache tu: kutibu watu katika zahanati ya kanisa rafiki, kuezeka upya shule ya watoto, na kulihubiri Neno kwa watu wasiojua hata salamu yetu. Seremala alichaguliwa kwa ajili ya paa. Nesi kwa ajili ya wagonjwa. Mchungaji kwa ajili ya Neno. Mzee mmoja wa kanisa alichaguliwa kwa sababu aliuliza kila Jumapili kama amechaguliwa. Kinyozi hakuna aliyemkumbuka. Inaonekana huko ng'ambo watu hawaoti nywele.

Wasafiri walitakiwa kuchanjwa. Foleni ilipangwa asubuhi nje ya zahanati, nami nikafunga duka, nikajipanga nyuma ya Seremala, mkono wa shati nimeukunja hadi begani kama watu wengine. Zamu yangu ilipofika, Nesi hakuinua macho.

"Jina?"

"Unalijua."

Akainua macho. Jamani, kuna macho ya kukutazama na kuna macho ya kukutoa mifupa ukabaki nguo tu.

"Wewe husafiri."

"Mimi sisafiri, lakini ugonjwa unaweza kusafiri ukanijia."

"Kinyozi, kuna watu nyuma yako."

"Wanisubiri. Mimi maisha yangu yote nasubiri vichwa vyao."

Akachukua pamba yenye spiriti akanipangusa bega, taratibu kuliko alivyompangusa mtu mwingine yeyote pale, na mashahidi ninao. Kisha badala ya sindano akanifinya. Alinifinya kwa kucha mbili, akazungusha.

"Tayari," akasema. "Umechanjwa dhidi ya upuuzi. Ila naona haitashika."

Alama ile nilikaa nayo siku nyingi. Nilikuwa naoga naikwepa.

Seremala, aliyekuwa mbele yangu, pande la mtu lenye mikono kama milango, ndiye aliyepata sindano ya kweli, na jioni ile ile homa ikamlaza. Likumbuke hilo kwa sababu ndilo lililoniingiza mimi katika Biblia.

Sasa nikwambie habari za Shangazi. Ndiye aliyemlea Nesi tangu wazazi wake walipofariki. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye futi ya kupimia shingoni saa zote hata kwenye meza ya Bwana, na alikuwa ameshakupima kwa macho kabla hujaketi. Sare za wasafiri alishona yeye. Siku chache kabla ya safari akaingia dukani kwangu. Mwanamke kuingia kwa kinyozi enzi zile ilikuwa habari. Mteja aliyekuwa kitini alitoka mbio na povu kidevuni, akasema atarudi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Na usiniite shangazi. Mimi ni shangazi wa mtu mmoja tu."

"Ndiyo, Mama."

"Wala mama."

Nikabaki sina pa kumshika. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo, akanitazama mimi mle mle kiooni.

"Sikia, kijana. Kule wanakokwenda wamemwomba Mchungaji kwamba Nesi abaki. Wenzake wakirudi yeye abaki miaka mitatu, awafundishe manesi wao. Nyumba watampa. Kazi ya heshima. Mchungaji anataka jibu Jumamosi, mazoezi yakiisha."

Nilikuwa nimeshika brashi. Nikaendelea kuikoroga kwenye kikombe kisicho na sabuni.

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi. Jana usiku mzima alikuwa ananisaidia kukaza vifungo ambavyo nilishavikaza."

"Na wewe, Sha... na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema akakae huko."

"Nimekukosea nini lakini? Pombe sinywi, kanisani naonekana, duka ninalo."

"Hujanikosea kitu. Unachekesha. Mume wangu naye alikuwa anachekesha. Watu walikuwa wanajaa uani kwangu kumsikiliza, na mimi nikicheka kuliko wote. Siku nimemzika nikakaa kitandani nikajiuliza, huyu mtu alikuwa anaogopa nini? Alikuwa anapenda nini? Sikupata jibu. Nilikuwa nimeolewa na redio. Redio inaongea na kila mtu, haijui nani kakaa mbele yake." Akasimama, akavuta futi yake shingoni pande mbili. "Binti wa kaka yangu hataolewa na redio."

Akatoka. Nikabaki naikoroga brashi kwenye kikombe kikavu.

Jumamosi ikafika. Ule ukumbi wa kanisa ukinijia hata leo unakuja na harufu yake: nta ya sakafu, vitabu vya nyimbo vilivyoshikwa na mikono mingi, na chai iliyochemka kupita kiasi kwenye birika la akina mama. Madirisha yalikuwa juu sana, jua likiingia linashuka kwa mshazari kama limetumwa. Masanduku ya wasafiri yalikuwa yamepangwa juu ya meza ndefu ya mwisho. Bendeji, sabuni, fulana za watoto, misumari ya Seremala imefungwa ndani ya soksi. Mizani ya magunia ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti, na kila sanduku lilipitishwa pale lipimwe, maana Mchungaji aliogopa uzito wa mizigo kuliko alivyoogopa bahari.

Mimi nilikuwepo kihalali. Nilipewa kazi ya kuwanyoa wanaume wa safari barazani, ili wasiwaaibishe Wakristo wenzao. Nilipomaliza nikaingia ndani, nikamkuta Nesi anahangaika na sanduku lake.

"Lete nikuinulie."

"Haya."

Nikalipachika kwenye ndoana. Yeye akatazama mizani, mimi nikamtazama yeye.

"Shangazi yako alinijia," nikasema.

"Najua. Alirudi nyumbani anaimba."

Akalishusha, akalifungua, akaanza kupunguza. Alitoa sweta, akalirudisha, akatoa kitabu. Mikono yake, ile iliyochoma sindano mtaa mzima bila kutetemeka, ilikuwa haijui ianzie wapi.

"Kinyozi."

"Naam."

"Nikibaki huko miaka mitatu, itakuwaje?"

Ndugu msomaji, jibu lilikuwepo. Lilikuwa fupi, lilikuwa limeshafika kooni, lilikuwa linagonga meno kwa ndani. Lakini akina mama wa birika walikuwa wamegeuka kutusikiliza, Mzee wa Kanisa amesimamisha kikombe hewani, na mimi nikiona watu wananitazama, basi mdomo unakwenda wenyewe.

"Itakuwa nywele za mji huu zitafika magotini," nikasema, "maana nitafunga duka nikufuate kwa kuogelea. Mbona mwaka ule wa mafuriko niliogelea mbali zaidi, mteja mgongoni, nusu ya kichwa nimeshamnyoa, nusu bado."

Akina mama wakacheka hadi kifuniko cha birika kikaanguka. Mzee wa Kanisa akapaliwa na chai. Nesi hakucheka. Alilifunga sanduku lake, kibanio kimoja, kisha cha pili.

"Kila nikikuuliza kitu unanipa hadithi," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wanacheka, mimi nacheka nao, halafu narudi nyumbani mikono mitupu."

"Nesi, mimi nilikuwa..."

"Sijakasirika. Nimechoka kucheka tu."

Kama angenipiga kofi ningeshukuru. Akabeba sanduku lake kwenda mbele ya ukumbi, nikabaki na ile ndoana inabembea tupu juu ya kichwa changu.

Pale mbele Mchungaji alikuwa anapiga makofi kukusanya watu. Kwa kuwa kule waendako hakuna ambaye angeelewa lugha yetu, aliamua kikundi kiende na mchezo wa mwana mpotevu, na mchezo wenyewe usiwe na neno hata moja. Kila kitu kwa mikono na uso. Nesi alikuwa mwana mpotevu, kwa kuwa suruali ya mchezo ilimtosha yeye peke yake, akaivaa juu ya gauni akapiga kofia. Mzee wa Kanisa alikuwa kaka mkubwa mwenye wivu, na pia nguruwe, akibadilisha kofia. Baba alikuwa Seremala.

"Seremala yuko wapi?" Mchungaji akauliza.

"Ana homa ya chanjo," wakamjibu. "Amejifunika mablanketi, anaaga watu."

Mchungaji akatazama ukumbi. Akawatazama akina mama, akaitazama meza, na mwisho, kama mtu anayechukua fagio kwa kukosa jembe, akanitazama mimi.

"Kinyozi, njoo hapa. Utashika nafasi ya baba leo tu. Kazi yako ni nyepesi: unampa mwanao urithi, anaondoka, wewe unasimama mlangoni unatazama barabara. Ukimwona anarudi, unamkimbilia, unamkumbatia. Kumbatio la kanisa, umeelewa? Kati ya kifua na kifua kitabu cha nyimbo kipite bila kugusa. Na usiseme neno."

"Hata moja?"

"Hata kukohoa."

Mstari wa mbele, Shangazi alikuwa ameketi na futi yake, anatukodolea macho. Nilimsikia akimwambia jirani yake, "Hawezi. Atahubiri."

Tukaanza. Nesi akaja mbele yangu na sanduku lake, mkono kaunyoosha, anadai chake. Nikajifanya nampa. Katika mchezo mwana haangalii nyuma, lakini kabla hajageuka alinitazama mara moja, chini ya ile kofia, na haukuwa mtazamo wa mchezo. Ulikuwa wa mtu anayepita dukani kwako mara ya mwisho kuona kama umefungua.

Akaondoka. Nikaenda mlangoni, nikasimama, nikautazama ule ukumbi mrefu kama barabara.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kuongea, sikuwa na ruhusa ya kusema. Niliuona mgongo wake unakwenda. Ile suruali imekunjwa miguuni, vile viatu vyeupe vinatokeza chini yake, sanduku linampigapiga goti. Nikaona jinsi dirisha la zahanati litakavyokuwa jioni, bila viatu. Nikaona kona ya duka la mkaa na mimi nimefika pale peke yangu, sina haja ya kusimama. Nikaona miaka mitatu ya vichwa vya watu. Hakukuwa na mzaha hata mmoja wa kujifunika. Machozi yakanishuka, nikayaacha, maana kuyafuta nako ni kusema.

Naye akafika nchi ya mbali, nyuma ya meza ya masanduku. Akatapanya mali. Akalisha nguruwe. Akazingatia moyoni, akainuka, akaanza kurudi, na mimi kumwona tu, nikakimbia. Wacha wee! Nilikimbia mbio ambazo hazijakimbiwa katika jengo la Mungu. Vitambaa vya akina mama vilipepea. Kurasa za vitabu vya nyimbo zilijifunua zenyewe hadi wimbo wa mwisho. Mizani ya boriti ilizunguka, na wanasema ilinionyesha sina uzito. Nikamfikia katikati ya ukumbi, nikamkumbatia, na kitabu cha nyimbo kingetaka kupita pale kingepita karatasi karatasi.

Hata Mchungaji alisahau kutukemea. Alipokumbuka sauti yake, akauliza kwa upole, "Nesi, binti yangu, lile jibu nililokuomba?"

"Nitakwenda, na nitarudi na wenzangu," akasema, bado kofia imemwangukia jicho moja.

Ndipo Shangazi akanyanyuka. Alinijia hadi mbele yangu, nikajua sasa napigwa. Alinitazama mashavu yalivyolowa.

"Umenyamaza," akasema.

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Sikujua unaweza."

Nikatikisa tena, kwamba hata mimi sikujua. Akavua futi shingoni, akanigeuza kwa bega kama anageuza sanamu la nguo dirishani, akanipima mgongo, akanipima mkono. Hakusema anapima nguo ya nini. Ukumbi mzima ulielewa kabla yangu.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, nimejiegemeza nyuma nafurahia kazi yangu, nikasikia pumzi juu ya bega.

"'Nikakimbia,'" sauti ikasoma. "'Wacha wee.' Nani huyo aliyekimbia?"

Nesi. Nywele zimekuwa nyeupe kuliko vile viatu, miwani ya kusomea kaipachika juu ya ile ya kuonea mbali, na kusikia kwangu kumepungua kiasi kwamba anaweza kusoma sura nzima nyuma yangu nisijue.

"Baba wa mwana mpotevu," nikasema. "Hata Biblia inasema alikimbia."

"Wa kwenye Biblia alikimbia, simbishii. Nakuuliza wa ukumbini."

"Mke wangu, ni zamani sana."

"Ni zamani, lakini nilikuwepo. Wewe ulikuwa umeng'ang'ania mwimo wa mlango kama mtu anayezuia jengo lisianguke. Mchungaji anakupungia mkono, kimbia, kimbia. Hukunyanyua hata kisigino."

"Nilikuwa najiandaa."

"Na mimi huko nyuma ya meza unakosema sikufika. Hiyo mali sikuitapanya. Nguruwe sikumlisha. Nilifika katikati ya ukumbi, nikageuka, na mwana mpotevu hatakiwi kugeuka. Nikakuona umesimama pale, uso umelowa, mdomo umefungwa. Nikalitupa sanduku nikakimbia mimi. Bendeji zikatapakaa sakafuni. Mchungaji anapiga kelele, 'Bado! Nesi, bado! Hujatapanya mali!'"

"Hakupiga kelele nyingi."

"Alisikika sokoni. Na Mzee wa Kanisa, Mungu amrehemu, alikuwa ameshapiga magoti na kofia yake ya nguruwe anangoja kulishwa. Alikufa hajalishwa."

Nikacheka, nikidhani tumefika kwenye kucheka. Nikainua macho nikaona yeye hajafika huko.

"Kwenye harusi za watu unasimulia ulikimbia," akasema. "Kwenye ubatizo. Mbele ya wajukuu, umesimama juu ya kiti. Ninakuacha, kwa sababu watu wanafurahi, na wewe ukifurahisha watu unakuwa mzuri wa sura. Lakini hii unaiandika. Ikishaandikwa, mimi nikiwa sipo, ndiyo itakayokuwa."

"Ni mbio tu, Nesi."

"Ni zangu." Akavua ile miwani ya juu. "Ile kazi nilikuwa naitaka, bwana. Nilikuwa sijawahi kuitaka kazi kama ile. Mimi, yatima wa kulelewa kwenye vitambaa, nifundishe manesi wa nchi nyingine! Nililala naiwaza. Niliamka nimeshaichagua. Jumamosi ile naingia ukumbini, jibu langu lilikuwa ndiyo, nabaki. Nikaliacha sakafuni pamoja na bendeji, kwa miguu yangu miwili, hakuna aliyenishika mkono. Wewe siku ile hukuamua kitu. Ulilia, vizuri sana, nikakupendea hilo. Lakini aliyeamua ni mimi. Sasa unaniacha nimesimama katikati ya ukumbi nikikungoja unifikie?"

Kalamu nikaiweka chini. Miaka yote hii nilidhani nilikuwa nalitia chumvi jambo dogo. Sikujua kwamba jibu lake lilikuwa ndiyo. Hakuwahi kuniambia, na mimi, redio yangu ikiwa wazi mchana na usiku, sikuwahi kuuliza.

"Ulijuta?" nikamwuliza.

"Siku nyingine. Ukikoroma."

"Nesi, nauliza kweli."

Akanitazama muda. Nadhani alikuwa anangoja hadithi ifuate. Haikufuata.

"Siku nyingine," akarudia, taratibu. "Si nyingi. Na hakuna hata moja ambayo nilitamani nisingekimbia."

"Basi nifute? Niandike upya?"

"Usifute. Waache waone ulivyo mwongo. Ila utalipa."

"Nilipe nini tena?"

"Mbio. Umezila miaka yote hii bila kuzikimbia. Simama pale mlangoni."

"Leo? Na goti hili?"

"Siku ile goti lilikuwa zima na halikukusaidia kitu. Mlangoni, Kinyozi."

Nikasimama mlangoni kwetu, mkono kwenye mwimo. Yeye akashuka baraza, akapita kamba ya nguo, akatembea uani bila haraka hadi kwenye lango. Mgongo wake siku hizi umepinda kidogo kushoto. Nikashtuka kuona kwamba bado naweza kuusoma: kwamba amekasirika bado, lakini si sana, na kwamba ameanza kutabasamu na hataki nijue. Akafika langoni, akageuka, mikono kaikunja kifuani.

Nikakimbia. Naomba niandike jinsi ilivyokuwa. Goti la kulia lilikataa, la kushoto likaenda peke yake. Kandambili moja ilibaki barazani. Nilipita chini ya kamba ya nguo nikatoka na foronya kichwani. Hakuna kitambaa kilichopepea, isipokuwa foronya hiyo. Jirani akachungulia juu ya ua, macho yamemtoka.

"Mzee! Kuna nini? Nyoka?"

Nilitaka kumjibu, sikuwa na pumzi. Nikaendelea. Nikafika langoni nimejishika kiuno, natweta, nikanyoosha mikono yangu miwili kwa mke wangu.

Hakuikunjua yake. Alinitoa ile foronya kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka begani.

"Huko ni kutembea," akasema. "Rudi mlangoni, uanze upya."

Nikarudi mlangoni.